Maneno ya Kitini

14 Januari

Babu, mume wangu mzee,

Shikamoo. Mimi mkeo sijambo. Nasoma, nakula, nalala, ingawa kitanda changu cha bwenini kina waya uliochomoka, na kila nikitaka kugeuka unanikumbusha nisigeuke. Natumaini umezoea kitanda changu cha nyumbani. Kati ya godoro na ukuta kuna mwanya, na vitabu viwili vilidumbukia humo. Ukivipata, nitunzie.

Hapa simu haziruhusiwi. Barua zinaruhusiwa, ila lazima zipitie ofisini kwa mwalimu wa malezi. Mimi nimefurahi, maana kwenye simu huwa nakosa la kusema. Wenzangu wananiita Kobe, kwa kuwa nikisemeshwa naingiza shingo ndani.

Niliondoka ukiwa na wiki moja tu tangu baba akuhamishie kwetu, hata hatukupata nafasi ya kuzungumza. Tangu bibi atutoke mwaka jana, kila mtu nyumbani anasema, "Sasa mzee atapumzika." Je, unapumzika? Na duka lako la kunyoa umemwachia nani? Nakikumbuka kile kiti cha kuzunguka. Ulikuwa unaniweka juu yake dukani kukiwa hakuna wateja, unanizungusha mpaka bibi anakuja kunidai.

Ghorofa ya nne si mchezo kwa magoti yako. Shuka polepole.

Niandikie. Hapa anayepata barua huitwa mbele ya foleni ya chakula. Naogopa kuitwa mbele ya watu, lakini kwa barua yako nitavumilia.

Mkeo,
Kobe


29 Januari

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa miwani, ya pili bila miwani, kwa kuwa nilishajua ilichosema.

Hatujambo. Baba yako hutoka alfajiri kwenda bohari kusimamia magunia ya watu, mama yako humfuata kwenda kiwanda cha nguo. Nyumbani nabaki na friji. Kati yetu, friji ndilo lenye maneno mengi.

Kiti nimemwachia fundi mwenzangu. Boksi langu la kazi nimekuja nalo: mkasi, mashine ya mkono, wembe, brashi na kile kitambaa cheupe. Liko chini ya kitanda chako, karibu na vitabu vyako. Wanaelewana.

Unauliza kama napumzika. Napumzika mpaka nachoka. Nikiinuka na kikombe nikakioshe, mama yako ananipokonya: "Baba, unataka majirani wanioneje?" Nikishika ufagio, baba yako anasema, "Kaa, baba. Ulitutumikia vya kutosha, sasa zamu yetu." Ni watoto wenye heshima. Baba yako nilimlea mwenyewe, na naona nilimlea vizuri kupita kiasi.

Hata hivyo usiende kuwaambia. Kazi yetu ina sheria moja, na tangu nianze kunyoa sijaivunja: maneno ya kitini hayatoki kitini. Mtu akishafungwa kitambaa shingoni husema mambo ambayo mkewe hayajui. Ukiyatoa nje mara moja tu, huna duka, una viti vitupu. Sasa barua hizi ndizo kiti chetu. Wewe unaketi, mimi nasema. Au nasema mimi, nawe unaketi. Sijui tena nani kinyozi.

Soma sana. Kula ushibe, wanaume wa siku hizi hawapendi mifupa, na mimi ni wa siku hizi.

Mumeo


16 Februari

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Niliitwa mbele ya foleni. Niliingiza shingo, lakini nilifika.

Nimepewa kazi ya kupanga vitabu maktabani. Ni kazi nzuri kwa sababu hakuna anayenisemesha, na ni mbaya kwa sababu hakuna anayenisemesha. Mtihani wa kwanza wa hesabu nimeanguka kidogo, wa historia nimesimama.

Babu, nilicheka sana kuhusu friji, kisha nikaacha kucheka. Nimepata wazo. Jengo letu lina watu wengi, na kila mmoja ana kichwa. Pale chini ya ngazi, karibu na mita za maji, kuna kivuli na nafasi ya kigoda. Kwa nini usishuke na boksi lako siku za Jumamosi? Utapata watu wa kuzungumza nao, na wao watapata nywele zilizopunguzwa vizuri. Yule mlinzi wa getini kichwa chake kinatia huruma.

Usimwambie baba kwamba wazo ni langu. Maneno ya kitini.

Mkeo,
Kobe


8 Machi

Mjukuu wangu,

Nimepata barua yako. Sisi wazima.

Wazo lako lilikuwa zuri. Tuliache.

Mgongo unanisumbua kidogo, na usingizi umekuwa mgeni, unakuja jua likichomoza. Chakula kipo kingi, mama yako anapika vizuri, ila mdomo wangu hauna ladha. Ni uzee. Usijali.

Vitabu vyako sijavitoa. Kuinama ni kazi.

Soma kwa bidii.

Babu


24 Machi

Babu,

Shikamoo. Sisi huku tu wazima, mvua zimeanza na bweni linavuja upande usio wangu.

Babu, hukuniita mke wako. Nilidhani umesahau, nikaisoma barua tena. Hukusahau. Hukutania hata mara moja.

Mama alinitumia sabuni na dawa ya meno, na ndani yake akatia kikaratasi. Anasema wote hawajambo, na kwamba baba ameliweka boksi lako juu ya kabati "lisije likapotea". Anasema pia kwamba siku hizi wakienda kazini wanafunga lile geti la chuma la mlangoni kwa nje, kwa usalama wako, kwa sababu ya ngazi. Ameandika kama mtu anayeeleza hali ya hewa.

Tangu lini geti linafungwa? Ukitaka kutoka unafanyaje? Na ulishuka Jumamosi yoyote au hukushuka? Kama kuna kilichotokea, nimekisababisha mimi, na afadhali unigombeze kuliko uninyamazie.

Shule haifungi mpaka Agosti. Nimeomba ruhusa ya kuja nyumbani siku mbili nikakataliwa, kwa kuwa hakuna aliyefariki. Hivyo ndivyo mwalimu alivyosema, wala hakuwa na nia mbaya. Ndiyo kanuni.

Nisubiri kidogo, lakini usinyamaze.

Kobe


20 Aprili

Babu,

Shikamoo. Kila Jumamosi nasimama kwenye foleni nikitega sikio. Wameitwa wengine.

Nilimwendea muuguzi wetu wa shule. Si mtu wa kumwendea bila sababu, kwa hiyo nilijikohoza mlangoni. Nilimwuliza ni dawa gani ya mgongo inafaa kwa mzee. Akaniuliza kama babu analala. Nikasema hapana. Anakula? Kidogo. Anataka watu? Sijui. Anatania? Alikuwa anatania.

Akaweka kalamu chini. Alisema wazee hawaji hospitali wakasema wana huzuni. Husema mgongo, husema kichwa, husema wamechoka. Watu wa nyumbani nao husema ni umri, na hapo habari inaisha. Alisema kuna ugonjwa unaitwa sonona, unashika wadogo na wakubwa, unatibiwa, na kwamba umri si ugonjwa.

Sisemi unao. Mimi mtoto wa shule tu. Nauliza ni kitu gani hasa kinachouma.

Kobe


11 Mei

Mke wangu,

Salamu zako zote nimezipata. Kimya changu si hasira. Nashika kalamu, naandika tarehe, kisha naiweka chini mpaka tarehe inapitwa. Hii ni karatasi ya nne, sijui ya ngapi.

Nilishuka Jumamosi moja. Nilikaa pale karibu na mita za maji. Akaja mlinzi, nikamnyoa, akajipapasa kichwa akasema, "Mzee, nilikuwa wapi siku zote?" Akaja mama mmoja na wanawe, akaja mwalimu wa ghorofa ya pili. Watu wakasimama, wakabishana, wakacheka, mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Nilijiona mtu.

Baba yako akarudi na mkubwa wake wa kazi, aliyempa lifti. Yule bwana akanitazama akapenda kazi yangu. Akamwuliza, "Huyu kinyozi ni wa hapa kwenu?" Baba yako akasema, "Sijui." Akanipita, akapanda ngazi.

Baadaye alishuka, akalibeba boksi mwenyewe. Alisema, "Baba, watu watasema nimekuleta mjini nikakuweka chini ya ngazi unitafutie chakula." Hakunigombeza. Angenigombeza ningemjibu. Kesho yake geti likafungwa.

Simlaumu. Ana cheo kidogo na anakishika kwa mikono miwili. Wewe pia hukukosea. Ila tangu siku ile asubuhi zangu zimekuwa nzito. Silii. Ningelia ningejua nina nini. Naviangalia viatu vyangu, naona kuvivaa ni safari, kisha nakumbuka hakuna pa kwenda navyo, nageukia ukutani. Nasikia watu wakipanda na kushuka. Natambua vikohozi vyao. Wao hawajui kama nipo.

Kinyozi hajinyoi, walisema waliotutangulia. Nimewasikiliza wanaume wazima wakinieleza wamechoka kuishi, nikawajibu, nikawachekesha, wakarudi mwezi uliofuata nywele zimeota. Mimi sina wa kunijibu.

Sasa keti vizuri nikufunge kitambaa. Vile vidonge vyangu vya presha, simezi. Kila asubuhi natoa kimoja nakiangushia kwenye sinki, ili mama yako akitazama paketi aone inapungua. Ni zaidi ya mwezi sasa. Sitaki kujidhuru, usiogope. Sijizuii tu. Kitakachokuja na kije.

Usimwambie baba yako. Ataona nimemfanyia kusudi. Unajua sheria.

Mumeo


31 Mei

Babu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana. Ilikuwa ofisini wakati wote wa mitihani, kwa kuwa mwalimu wa malezi huzuia barua mpaka tumalize karatasi ya mwisho, tusivurugike akili. Mimi nilikuwa naandika sababu za kuanguka kwa falme za zamani, na barua yako iko nyuma ya ukuta.

Niliisomea chooni. Kisha nilikwenda kwa muuguzi, safari hii bila kujikohoza.

Akasema, "Kobe, leo umekuja na kichwa au tumbo?"

Nikasema, "Nimekuja na babu."

Babu, nimevunja sheria yako. Nakuambia mimi mwenyewe usije ukasikia kwa mwingine. Nilimwambia muuguzi kuhusu vidonge. Alitoa simu yake akasema nimpigie baba kazini. Nilimwomba apige yeye. Akasema baba yangu atamsikiliza mgeni kwa adabu na asifanye lolote, lakini sauti ya mtoto wake itamtoa kwenye kiti. Nikaandika kwenye karatasi nitakachosema, nikakisoma kama mtu anayesoma shairi darasani.

"Baba, babu hamezi dawa za presha. Zaidi ya mwezi. Anaziangushia kwenye sinki. Anaumwa, si uzee."

Baba akauliza, "Nani kakwambia?"

"Yeye."

"Mbona mimi sijaambiwa?"

Kwenye karatasi hapakuwa na jibu la hilo. Nilisikia magunia yakipakuliwa nyuma yake, na mtu akimwita. Kisha akasema, "Sawa," simu ikakatika.

Sijui kama "sawa" ile ilikuwa ya kwenda nyumbani au ya kurudi kwenye magunia. Sina simu, sina nauli, sina ruhusa. Nimebaki na "sawa".

Habari ya "Sijui" sikumwambia. Hiyo ni yako.

Kobe


10 Juni

Mjukuu,

Baba yako alirudi siku ileile kabla ya adhuhuri. Alifungua geti akasimama sebuleni na paketi ya vidonge mkononi kama hakimu. Sasa namezeshwa asubuhi na jioni, mdomo wazi, kisha natakiwa niinue ulimi aangalie chini yake. Mimi niliyemfundisha kupenga kamasi.

Maisha yangu yote halikutoka neno dukani kwangu. Limetoka kwako.

Usiniandikie kwa sasa.

Babu


27 Juni

Babu,

Shikamoo. Umesema nisikuandikie. Nimejaribu kukutii, nimeshindwa. Kama hutaki kuisoma, iweke chini ya kitanda na vile vitabu.

Naumia kwamba nimekuvunjia heshima. Lakini siombi msamaha wa kusema. Nimelifikiria jambo hili nikipanga vitabu, nikiwa foleni, nikiwa kitandani juu ya ule waya. Bora babu aliyeninunia kuliko babu ninayesimuliwa.

Muuguzi alimpigia baba baadaye akampa jina la kitengo kinachotibu sonona katika hospitali kubwa. Mama ameniandikia. Anasema baba anadai wewe ndiye hutaki kwenda. Kisha chini, kwa herufi ndogo, anasema baba naye anaogopa jamaa wasije wakasema babu amerukwa na akili. Basi kila mmoja anamsubiri mwenzake akatae kwanza, na geti linaendelea kufungwa.

Sina nguvu ya kukubeba kukupeleka. Ninaomba kitu kimoja tu. Siku ukienda, wakikuuliza kinachokuuma, usiseme mgongo.

Kobe


22 Julai

Mke wangu,

Marahaba zako zote nilizokunyima.

Tumekwenda. Baba yako aliomba ruhusa kazini, akasema anampeleka baba yake kupima presha. Jamaa nao ndivyo walivyoambiwa, na nadhani ndivyo watakavyoambiwa daima. Tulikaa kwenye benchi refu. Baba yako alifungua gazeti akaliinua mpaka usoni, kama mtu aliyeingia duka la pombe akakuta mashemeji. Kando yetu walikuwepo wazee wengine, wanawake na wanaume, kila mmoja na mtoto wake, kila mtoto akitazama sakafu. Nikajiambia, kumbe sisi ni wengi hivi, na kila mmoja amefungiwa kwake.

Daktari ni binti mdogo, anaweza kuwa dada yako. Akauliza, "Babu, kinakusumbua nini?" Nikasema mgongo. Niliisikia sauti yako nikasema mgongo vilevile. Akaandika. Akauliza tena, nikasema usingizi. Akanishukuru, akasema ataniandikia vipimo. Nikainuka, baba yako akanishika mkono, tukafika mlangoni.

Hapo nikasimama. Sijui kilichonishika. Nilikuwa nimelishika komeo, nikasema bila kugeuka, "Sitaki kuamka asubuhi. Na si kwa sababu ya mgongo." Kisha yakatoka yote. Nilisema kuhusu bibi yako, ambaye nyumba nzima imekuwa ikimtaja kwa kunong'ona nisisikie, na mimi nilitaka kusikia. Nilisema kuhusu geti. Nilisema kuhusu Jumamosi ile, na mkubwa wa kazi, na neno alilojibiwa. Baba yako alikuwa bado ameushika mkono wangu. Hakuuachia, ila mkono wake ulikuwa kama wa mtu mwingine.

Binti yule alisema, "Rudi uketi, babu. Sasa ndiyo tumeanza."

Nimepewa dawa. Alisema zitachukua wiki kadhaa kabla sijahisi tofauti, na ni kweli zinachukua. Zinakausha mdomo. Nitarudi kila mwezi kuzungumza naye. Anauliza maswali machache halafu ananyamaza, kama kinyozi mzuri.

Siku ile tulipanda ngazi tukifuatana. Ghorofa ya tatu baba yako alisimama. "Baba," alisema, "siku ile mimi..." Akakwama. Sikumsaidia. Zamani ningemsaidia, ningetia mzaha apite. Nilishika reli nikamngoja, maana na mimi nilihitaji pumzi. Alitazama ukuta, akatazama viatu vyake. Hajamaliza sentensi hiyo hadi leo. Naona anaizungukazunguka wakati wa kula.

Geti halifungwi tena kila siku. Mama yako akiwa zamu ya asubuhi linafungwa, kwa kuwa ananiogopea ngazi na hajaamini. Boksi liko palepale juu ya kabati. Sijaliomba. Siku nyingine sitaki hata kuliona.

Wewe bado nina kinyongo nawe. Si kikubwa, nakutunzia mpaka Agosti, uje nikupe ana kwa ana. Ulilolifanya lilinichoma, na kama usingelifanya nisingekuwa na mkono wa kukuandikia hivi. Yote mawili yamo ndani yangu na hayajapatana.

Kila anayekuja kunitazama anauliza, "Mzee, umepona?" Nami nasema nimepona, ili akae kwa raha. Wewe usiniulize hivyo. Niulize leo ikoje.

Jana sikuinuka. Mama yako aliweka chakula, akakiondoa. Leo nimeoga, bila kutaka, nikala nusu sahani, nikaandika barua hii tangu mwanzo mpaka hapa. Kesho sijui.

Mumeo